Mbolea ya kuku ya kabla ya 2013 na maji ya kisima: nipime nini kwanza?

Bustani_Salisbury

Wakuu, habari za huko mliko. Naomba msaada wa wanaojua dawa za mifugo na kemia ya udongo.

Niko Maryland, mashariki ya ghuba ya Chesapeake, kwenye mabanda ya kuku wa nyama kila upande. Kiwanja ni kama robo eka. Nyuma kuna kibanda cha bati chenye rundo la maranda na kinyesi cha kuku lililowekwa na mwenyeji wa awali mwaka 2011 au 2012. Limeshakuwa kama udongo mweusi, halinuki tena. Jirani naye ananigawia bure mbolea ya kuku ya mwaka huu. Maji yanatoka kisima kifupi, futi 40 hivi.

Nasikia kuku wa huku walikuwa wakilishwa dawa yenye aseniki. Je, rundo la zamani linafaa kwa mchicha, sukuma, bamia na viazi vitamu? Ya jirani je? Kisima nikipime vipi? Na nyama ya kuku ya dukani leo ina shida? Nataka namba, "kuwa makini" nimeshaambiwa vya kutosha.

Mchanganya_Chakula

Mkuu, yatenganishe hayo marundo mawili. Katikati yake pamepita sheria.

Dawa yenyewe ni roksasoni, kibiashara 3-Nitro. Marekani iliidhinisha mwaka 1944. Iliwekwa kwenye chakula cha kuku kwa kazi tatu: kusaidia kuzuia koksidia (kuhara damu), kuongeza uzito kwa chakula kilekile, na kuipa nyama rangi ya waridi inayovutia mnunuzi. Kipimo kilikuwa gramu 22.7 hadi 45.4 kwa tani ya Kimarekani, sawa na miligramu 25 hadi 50 kwa kilo ya chakula, na ilipaswa kuondolewa siku 5 kabla ya kuchinja.

Aseniki ni asilimia 28.5 ya uzito wa roksasoni. Kuku wa nyama wa siku 42 alitoa kwenye kinyesi kama miligramu 150 za dawa hiyo. Banda la kuku 25,000 hapo limeacha kwenye maranda karibu kilo 3.75 za roksasoni, yaani kilo moja na ushee ya aseniki, kwa mkupuo mmoja tu. Kwa mwaka waliingiza mikupuo mitano au sita, na maranda hayakutolewa yote kila mara.

Mtengenezaji alisitisha mauzo mwaka 2011, baada ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani kupima maini ya kuku waliolishwa dawa hiyo na kukuta aseniki isiyo ya kikaboni. Maryland ilipitisha sheria yake ya kuipiga marufuku mwaka 2012, ikaanza kutumika Januari 2013. Septemba 2013 vibali vya taifa vya roksasoni na ndugu zake wawili wenye aseniki, asidi ya asaniliki na kabasoni, vikafutwa. Ya mwisho, nitasoni ya batamzinga, iliondoka mwisho wa 2015. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshaachana nazo tangu 1999.

Kwa hiyo mbolea ya jirani haina dawa hiyo. Rundo lako la 2011 au 2012 ndilo la kupima.

MaabaraTu

Nakazia hapo, maana mjadala huu huharibika kwa neno moja: "aseniki". Roksasoni ni aseniki iliyofungwa ndani ya molekuli ya kikaboni. Ikiwa hivyo sumu yake ni ndogo, na kuku huitoa karibu yote bila kuibadilisha. Wauzaji walisimamia hoja hiyo miaka zaidi ya sitini, na kwa siku ile inapotoka kwa kuku hoja ilikuwa na ukweli. Tatizo ni kwamba haibaki hivyo. Bakteria wa jamii ya Clostridium walio ndani ya maranda huivunja. Kwenye mboji yenye unyevu huweza kugeuka kuwa aseneti ndani ya siku 30 hivi. Aseneti na ndugu yake aseniti ndizo aseniki isiyo ya kikaboni, zile zinazoleta saratani ya ngozi, mapafu na kibofu cha mkojo. Nitaziita aseniki kali ili nisirudie jina refu.

Rundo lililokaa zaidi ya miaka kumi, basi, usilitafutie roksasoni. Imeshakwisha. Aseniki kama elementi haikwenda popote ikiwa bati halivuji. Na kwa kuwa maranda yameoza na kupungua uzito, kila kilo iliyobaki huenda ina aseniki nyingi kuliko kilo ya mwanzo. Watu hudhani mboji "husafisha". Inasafisha vijidudu na harufu. Metali na aseniki inazikoleza.

Maranda ya enzi ile yalikuwa mara nyingi kati ya miligramu 15 na 48 kwa kilo. Tuchukue 30. Toroli ya kilo 50 ina gramu 1.5 za aseniki. Ukiitandaza kwenye tuta la mita za mraba 10 na kuilima hadi sentimita 20, unaichanganya na udongo wa kilo 2,600 hivi. Udongo unaongezeka kama miligramu 0.6 kwa kilo. Udongo wa kawaida wenyewe huwa na miligramu 1 hadi 10, mahali pengine zaidi. Toroli moja haikuui. Toroli moja kila mwaka kwa miaka kumi ni miligramu 6 zaidi, na hiyo haitoki.

Jinsi ya kuchukua sampuli ya rundo: chimba sehemu 10 hadi 15, juu, katikati na chini, koleo dogo kila sehemu. Changanya kwenye ndoo ya plastiki safi, usitumie ndoo ya bati lenye zinki. Toa nusu kilo, anika kivulini, tia kwenye mfuko. Andika tarehe na "mbolea ya kuku"; ukiandika "udongo" maabara huenda ikatumia njia isiyofaa kuyeyusha. Omba aseniki jumla, yenye kikomo cha kugundua (kiasi kidogo kabisa ambacho kipimo kinaweza kukiona) chini ya miligramu 1 kwa kilo. Hapa jumla inatosha, kwa sababu baada ya miaka yote hiyo sehemu kubwa imeshakuwa kali. Tuta lako fanya vivyo hivyo, kina cha sentimita 15.

Vaa barakoa ya N95 na lowesha kidogo kwa maji kabla ya kuchimba. Vumbi la rundo hilo ndilo lango rahisi la aseniki kuingia mwilini kuliko mboga.

Chemsha_Kwanza

Mbona mnamtisha? Maji ya kisima achemshe dakika kumi anywe, na akiweka chujio la mkaa ndiyo kabisa.

MaabaraTu

Hapana, ndugu yangu, hilo ni hatari. Kuchemsha kunaua vijidudu. Aseniki haivukizwi na jiko la jikoni. Maji ndiyo yanayopungua, aseniki inabaki, kila glasi inakuwa nzito zaidi. Chujio la kawaida la mkaa nalo halitegemewi kwa aseniki.

Mwenye mada, kisima: kikomo cha Marekani ni mikrogramu 10 kwa lita tangu 2006, kabla ya hapo kilikuwa 50. Shirika la Afya Duniani nalo linasema 10. New Jersey imejibana hadi 5. Lakini kisima cha nyumbani hakisimamiwi na sheria hiyo ya taifa. Kupima ni juu yako. Iambie maabara ikuletee chupa yake. Ndani mna asidi kidogo ya nitriki ya kuhifadhi, kwa hiyo usiisuuze wala usiifurikishe. Chota kwenye bomba lililo kabla ya kichujio au mashine ya kulainisha maji, na uache maji yatiririke dakika 5 kwanza.

Kwenye fomu hiyohiyo weka alama kwenye naitreti. Udongo wa rasi ya Delmarva, huko uliko, una mchanga mwingi na tabaka la juu la maji halina kifuniko, hivyo kwa kisima cha futi 40 kati ya mabanda, naitreti kutoka kwenye kinyesi ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuvuka kikomo, ambacho ni miligramu 10 kwa lita zikihesabiwa kama naitrojeni. Kama kuna mtoto mchanga anayechanganyiwa maziwa ya kopo, usisubiri: tumia maji mengine mpaka majibu yatoke.

Aseniki ikizidi mikrogramu 10, mtambo wa osmosisi kinyume (unaosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba) chini ya sinki unatosha kwa kunywa na kupikia. Una kasoro moja ambayo wauzaji huirukia: unashika aseneti vizuri, aseniti unaipitisha kwa wingi kwa sababu haina chaji kwenye maji ya kawaida. Maji yakinuka mayai yaliyooza au kuacha kutu nyekundu, huenda aseniti ndiyo iliyotawala. Hapo unatangulia na klorini ili iwe aseneti, kisha mkaa wa kuondoa klorini, maana klorini inakula utando, kisha ndipo mtambo wenyewe. Pima tena baada ya kufunga, halafu kila mwaka.

Muuguzi_wa_Zamu

Nianze na nyama, maana ndilo swali linalowasumbua watu wengi.

Utafiti uliochapishwa 2013 ulinunua minofu ya vidari katika miji 10 ya Marekani, kati ya Desemba 2010 na Juni 2011, kabla dawa haijatoka sokoni. Minofu iliyopikwa ya kuku wa kawaida ilikuwa na wastani wa mikrogramu 1.8 za aseniki kali kwa kilo, ya kuku wa kilimo hai 0.6. Waliona pia kwamba kupika kulipunguza roksasoni na kuongeza aseniki kali, kwa hiyo sehemu ya ile hoja ya "haina madhara ikiwa hivyo" ilikuwa ikivunjikia kwenye sufuria.

Sasa ipime. Ukila gramu 200 za kuku yule kila siku, unapata mikrogramu 0.36. Ukinywa lita 2 za maji yenye aseniki ya kikomo halali cha 10, unapata 20. Ndiyo maana naunga mkono kuanzia kwenye kisima. Hata hivyo sitasema 0.36 si kitu: mwaka 2024 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka rejea ya mikrogramu 0.06 kwa kilo ya uzito wa mwili kwa siku, ikitazama saratani ya ngozi. Kwa mtu wa kilo 60 ni 3.6. Kuku peke yake alikuwa akichukua sehemu ya kumi ya hapo, juu ya wali na maji, kwa faida ya rangi ya mnofu. Kwa maoni yangu biashara ile haikuwa na hesabu nzuri hata kidogo.

Kuku wa dukani Marekani leo hafugwi kwa dawa hizo. Ukitaka kupunguza aseniki ya chakula, upike wali kwa maji mengi na kuyamwaga, maana mpunga unaota kwenye maji na hufyonza aseniki kuliko nafaka nyingine. Maji ya kupikia yenyewe yawe safi, vinginevyo unazidisha.

Kuhusu mwili: aseniki ya kiwango kidogo cha miaka haina dalili ya mapema unayoweza kuitegemea. Madoa meusi na meupe kama matone ya mvua kifuani na mgongoni, sugu za viganja na nyayo, ganzi ya vidole, hayo huja baada ya miaka ya maji machafu. Presha na kisukari navyo vimehusishwa, lakini vina sababu tele.

Ukipima, pima mkojo. Damu inaonyesha siku chache tu. Nywele zinabeba vumbi la nje, na maji ya kuogea yenye aseniki huzishika. Siku 4 hadi 5 kabla, usile samaki, kamba, kaa, pweza wala mwani. Vina aseniki ya kikaboni isiyo na madhara makubwa, lakini inapandisha jumla na kumfanya daktari ashtuke bure. Omba jibu litenganishe aseniki kali na mazao yake ya mwilini, likisahihishwa kwa kreatinini (taka ya mwili inayoonyesha mkojo umezimuliwa kiasi gani). Kwa wafanyakazi wa viwandani, kiwango cha rejea ni mikrogramu 35 kwa lita mwishoni mwa wiki ya kazi. Asiye na kazi hiyo anatarajiwa kuwa chini sana ya hapo.

Yakitoka juu, tiba ni kuondoa chanzo. Mwili hutoa sehemu kubwa ndani ya siku kadhaa. Dawa za kunasa metali ni za sumu kali ya ghafla, chini ya daktari. Chai za "kusafisha sumu" ni hela yako tu.

Mfugaji_Kibaha

Nichomekee, wakuu. Huku kuna mtu anapita mabandani na unga wa manjano hafifu kwenye mfuko usio na lebo, anasema ni "vitamini ya kukuza" ya kuku wa nyama, kijiko kimoja kwa mfuko wa chakula. Inaweza kuwa hiyo?

Mchanganya_Chakula

Kwa rangi siwezi kuthibitisha, kwani riboflavini na dawa kadhaa za mifugo nazo ni za manjano. Roksasoni ni ya manjano hafifu, ndiyo. China iliizalisha kwa wingi, ikaamua mwaka 2018 kuiondoa na kukataza matumizi yake kwenye chakula cha mifugo kuanzia Mei 2019.

Usinunue kitu kisicho na lebo. Premiksi (mchanganyiko wa viongezi vya chakula cha mifugo) halali ina jina la kiambato, asilimia, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Mwombe cheti cha uchambuzi na utafute namba ya usajili wa kemikali: 121-19-7 ni roksasoni, 98-50-0 ni asidi ya asaniliki, 98-72-6 ni nitasoni. Jina la biashara hubadilishwa kila msimu, lakini namba hizo ni zilezile dunia nzima. Ukiwa na shaka peleka kwa afisa mifugo wako au Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, usiionje wala kuichoma. Roksasoni ikipashwa moto hutoa moshi wenye aseniki.

Hicho kijiko nacho ni balaa peke yake. Kwa mfuko wa kilo 50, kipimo cha juu cha zamani kilikuwa gramu 2.5 za dawa tupu. Kijiko cha chakula kinabeba mara nne au zaidi, na kuchanganya kwa koleo sakafuni kunaacha fungu moja lina mengi na jingine halina. Kuku waliozidishiwa huyumba, miguu inalegea, na wakikosa maji joto likipanda hali inakuwa mbaya zaidi. Bata ni dhaifu zaidi.

Kama shida yako ni kuhara damu, maranda ndiyo dawa ya kwanza. Finyanga mkononi: yakishikamana kama tonge yana maji mengi, yakikusambaratikia polepole ukifungua kiganja yako sawa. Inua vinywesheo vifikie usawa wa mgongo wa kuku, na geuza maranda kuzunguka vinywesheo kila siku. Ugonjwa ukishaingia, ampuroliamu ya unga wa asilimia 20: gramu 0.6 kwa lita ya maji, au 1.2 kama wanakufa, siku 3 hadi 5, kisha gramu 0.3 kwa lita wiki moja hadi mbili. Siku hizo usiwape vitamini zenye B1 nyingi. Dawa hiyo inafanya kazi kwa kujifanya B1 na kumnyima koksidia, ukimwongezea unamlisha. Watu hutoa vyote viwili kwenye ndoo moja halafu wanalalamika dawa ni feki. Soma lebo ya siku za kusubiri kabla ya kuuza mayai au nyama.

Bustani_Salisbury

Asanteni sana. Swali la mwisho: majibu ya rundo yakirudi, namba gani itanifanya nilitupe? Na nipande nini wapi?

MaabaraTu

Hakuna namba ya sheria kwa rundo la nyumbani, hii ni hukumu yangu. Chini ya miligramu 10 kwa kilo litumie kama mbolea yoyote. Kati ya 10 na 40 lisiende kwenye mboga. Litandaze nyembamba kwenye maua au miti isiyoliwa, mbali na kisima na mtaro, mara moja tu. Zaidi ya 40, piga simu kwa ofisi ya taka ya kaunti wakuelekeze dampo lenye kinga chini. Usilichome kwa namna yoyote.

Kama tuta limeshapata mbolea hiyo, bamia, nyanya na mahindi ndiyo salama zaidi, kwa sababu aseniki hukwama mizizini na kidogo tu hufika kwenye tunda. Mboga za majani na za mizizi ndizo zinazoleta nyingi mezani, na sehemu kubwa ni udongo ulioshikilia. Sukuma ioshe mara tatu, viazi vitamu vimenye. Usilowanishe tuta likatuama maji, aseniti inazaliwa hapo. Usimwage chokaa kupita kiasi wala fosfati bila kupima: aseneti inafanana na fosfati, ukijaza moja unaisukuma nyingine kutoka kwenye chembe za udongo na kuingia kwenye maji. Mbolea ya jirani yenyewe imejaa fosforasi, kwa hiyo nusu ya kiasi unachofikiria inatosha.

Na angalia mbao za kingo za matuta na za hicho kibanda. Mbao za kijani za kabla ya 2004 zilitiwa kromiamu, shaba na aseniki, na zinaweza kuwa na zaidi ya miligramu 1,000 za aseniki kwa kilo. Kama rundo limeegemea mbao hizo, chukua sampuli mbili, ya kando ya ubao na ya katikati, zisichanganywe. Katikati ikiwa chini na kando ikiwa juu, kuku hana kesi.